Baada ya Nchi Yetu Kutoka COMESA: Mahindi, Mpaka na Ghala la Parokia

Hotuba ya idara yetu ya maendeleo kwa mkutano wa pamoja wa kamati za maendeleo za parokia za Mbeya na Iringa, uliofanyika Mafinga



Katika mkutano uliopita mjumbe mmoja kutoka upande wa Tunduma alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Alisema kuwa mfanyabiashara mdogo wa Zambia anapopeleka maharage Malawi hujaza karatasi moja pale mpakani na kupita, lakini mama wa kwetu akitaka kupeleka gunia zake tano Nakonde, ambako anaweza kufika kwa miguu, huambiwa alete faili zima. "Je, sisi tumekosa nini?" aliuliza. Tuliahidi kulifanyia kazi swali hilo, na hotuba hii ndiyo jibu letu. Ni refu kuliko swali, mtuvumilie.

Jibu linaanzia mbali kidogo. Mwaka 1981 nchi za mashariki na kusini mwa Afrika zilitia saini mjini Lusaka mkataba wa Eneo la Upendeleo wa Biashara, lililojulikana kwa kifupi kama PTA. Tanzania ilijiunga mwaka 1985. Mwaka 1994 PTA iligeuka kuwa Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, yaani COMESA, makao yake makuu yakiwa palepale Lusaka. Ndani yake walikuwamo majirani zetu karibu wote wa huku kusini na magharibi: Zambia, Malawi na Kongo. Kenya na Uganda nazo zilikuwamo.

Mwaka 1999 serikali yetu ilitoa taarifa ya kujitoa, na Septemba 2000 ikatoka rasmi. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kueleweka. Uanachama wa jumuiya nyingi una michango mingi na vikao vingi, na wakati huohuo tulikuwa tunaijenga upya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Tulikuwa pia ndani ya SADC, ambayo tumo tangu mwanzo wake. Tena kulikuwa na hofu ya kupoteza mapato ya forodha, maana mwezi uliofuata kutoka kwetu, Oktoba 2000, COMESA ilizindua eneo lake la biashara huria, ambamo nchi zilizojiunga nalo zilifutiana ushuru. Wapo wafanyabiashara waliopinga uamuzi huo wakati ule, na wapo waliosema hautawagusa wakulima hata kidogo.

Hatukuja hapa kumhukumu mtu kwa jambo la mwaka 2000. Hata hivyo, ni haki kusema kwamba hoja ya serikali ilikuwa na uzito. Umoja wa forodha maana yake ni kuwa na ukuta mmoja wa ushuru dhidi ya nchi za nje, na nyumba moja haiwezi kuwa ndani ya kuta mbili. Januari 2005 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza umoja wake wa forodha, na katika ukuta huo mahindi kutoka nje ya Jumuiya yaliwekewa ushuru wa asilimia 50, na mchele asilimia 75. Mkulima wa mpunga wa Mbarali au Kyela hawezi kusema kuwa ukuta huo haukumfaa. Mwaka 2013, mchele wa kutoka nje uliporuhusiwa kuingia bila ushuru, bei ya Mbarali ilianguka, na wengi wenu hapa mnalikumbuka jambo hilo kuliko sisi.

Lakini Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zimeendelea kuwa wanachama wa Afrika Mashariki na wa COMESA kwa pamoja hadi leo, na nyumba zao hazijaanguka. Kwa hiyo wanaosema kwamba tulilazimika kutoka hawasemi kweli yote.

Sasa tuje mpakani. Baada ya kutoka COMESA, je, mpaka wa Tunduma ulifungwa? Haukufungwa. Mnajua wenyewe kuwa Wanyamwanga wapo pande zote mbili za mpaka ule, na Wanyakyusa wa Kyela wanasikilizana na Wangonde wa Karonga ng'ambo ya Mto Songwe bila mkalimani. Ndugu hawaachi kuuziana unga kwa sababu serikali zimebadilisha mkataba. Reli ya TAZARA haikung'olewa, na barabara ya Zambia haikuhamishwa. Mwaka 2002 njaa ilipowashika wenzetu wa Malawi na Zambia, mahindi ya nyanda zetu yalivuka kwa malori na kwa baiskeli.

Kilichobadilika ni karatasi na ushuru wa mwenye lori, na baadaye, bila mtu kutangaza, hali ya mama mwenye gunia tano. Mwenye lori aliumia kwa miaka michache, kisha akapona. SADC ilikuwa imeanza kupunguza ushuru hatua kwa hatua tangu mwaka 2000, na kufikia mwaka 2008 ilizindua eneo lake la biashara huria. Zambia na Malawi zimo. Kwa hiyo leo lori la mahindi ya Mbozi lenye cheti cha uasili cha SADC linaingia Zambia kwa masharti yanayokaribiana sana na yale ambayo tungeyapata COMESA. Hata bima ya gari ya kuvuka mpaka, ile Kadi ya Njano, ni mpango wa COMESA ambao nchi yetu imeendelea kushiriki. Tulitoka nyumbani lakini tukabaki na ufunguo wa mlango mmoja.

Mama mwenye gunia tano hakupata ufunguo wowote. Kuanzia karibu mwaka 2010 Zambia, Malawi na Zimbabwe zilianza chini ya COMESA utaratibu rahisi wa biashara ndogo. Mwenye mzigo wa thamani ndogo, ambao kiwango chake kilianzia dola 500 za Marekani kisha kikapandishwa, hujaza fomu fupi palepale mpakani. Bidhaa ikiwa kwenye orodha waliyokubaliana, hupita bila ushuru wa forodha. Mipaka ya Tunduma na Kasumulu haikuwamo, kwa sababu sisi hatukuwamo COMESA. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina cheti chake rahisi kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, lakini hicho kinamfaa mama wa Namanga au Sirari anayekwenda Kenya. Zambia na Malawi hazimo katika Afrika Mashariki. Basi mama wa Tunduma alijikuta katikati ya jumuiya mbili, kila moja ikiwa na fomu fupi kwa ajili ya mtu mwingine.

Ndugu mjumbe, jibu la swali lako ndilo hilo. Hamkukosa kitu ninyi. Taratibu hizi zinabadilika mara kwa mara, na mazungumzo ya kurahisisha biashara ndogo mipakani yanaendelea, kwa hiyo kila kamati iulize ofisi ya forodha kabla ya safari wala isitegemee hotuba hii.

Tuchukue mfano wa hesabu, ili wafadhili wetu waone kwa nini jambo la karatasi si dogo. Mwenye mahindi anatakiwa kuwa na kibali cha kusafirisha nje, cheti cha afya ya mimea, cheti cha uasili, namba ya mlipakodi na leseni. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba karatasi hizo zote pamoja na nauli na siku za kuzifuatilia zimegharimu shilingi 150,000. Kwenye lori la gunia 300 hiyo ni shilingi 500 kwa gunia, na mwenye lori haisikii. Kwenye gunia 5 ni shilingi 30,000 kwa gunia, na faida yote imeisha kabla hajafika mpakani. Ndiyo maana mama huyo anapita njia za panya usiku, au anamwuzia dalali kwa bei ya dalali, tena kwa lumbesa. Halafu tunamwita mlanguzi.

Kituo cha pamoja cha huduma cha Tunduma na Nakonde, kilichofunguliwa na Marais wa nchi hizi mbili Oktoba 2019, kimeondoa adha ya malori kukaguliwa mara mbili. Tunakishukuru. Lakini kituo hurahisisha kazi ya mwenye karatasi. Asiye nazo humfikisha haraka zaidi kwa mtu wa kumrudisha.

Ndugu wajumbe, mpaka hapa tumezungumza habari za mikataba. Sasa lazima tuseme jambo linalotuhusu sisi wenyewe, nalo ni zito kwetu.

Kwa miaka mingi idara yetu iliwafundisha ninyi kwamba adui wa mkulima ni kuuza mahindi wakati wa mavuno. Tuliwaletea maturubai, tuliwafundisha kuua dumuzi, na kwa msaada wa wafadhili tulijenga maghala. Tulisema: tunza mahindi kuanzia Juni, uza kuanzia Oktoba, bei itakuwa imepanda. Kwa miaka kadhaa ilikuwa hivyo. Mwezi Mei 2017 tulizunguka tena katika parokia zenu tukisema maneno yaleyale, kwa nguvu zaidi, maana mavuno yalionekana kuwa mazuri na wanunuzi wa nchi jirani walikuwa wengi.

Mwezi Juni 2017, wakati wa sikukuu ya Idi, Waziri Mkuu wa wakati huo alitangaza kwamba mahindi hayataruhusiwa kwenda nje ya nchi; anayetaka kuuza nje asage kwanza auze unga. Nia iliyotajwa ilikuwa kulinda chakula na kuvipa kazi viwanda vya humu ndani. Lakini vigango vyetu vingi vilikuwa na mashine ya kusaga ya kijiji tu, isiyoweza kutengeneza unga wa kuuzwa dukani nchi nyingine. Malori yakasimama. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula walinunua kwenye vituo vyao, lakini fedha zao zilikuwa kidogo mno ukilinganisha na mahindi yaliyokuwapo katika mikoa yetu. Oktoba ilipofika bei haikupanda. Ilishuka chini ya ile ya Juni.

Zuio lililegezwa baadaye, lakini kwa wengi ilikuwa imechelewa. Wale waliotupuuza na kuuza mapema ndio waliopata nafuu. Waliotusikiliza ndio walioumia.

Mama mmoja wa kigango kimoja wilayani Mbozi, wilaya iliyokuwa Mkoa wa Mbeya hadi Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016, alikuwa ameweka gunia zake zote ghalani kwa ushauri wetu, hata zile alizokusudia kulipia ada ya kijana wake wa chuo cha ufundi. Tena alikuwa amekopa kwenye kikundi akitegemea mahindi hayo. Kijana alikaa nyumbani muhula mzima. Mkopo ulilipwa kwa kuuza ng'ombe. Tulipokwenda kumtembelea hakutugombeza. Alitukaribisha, akatupikia, kisha akauliza kwa upole: "Ninyi mlikuwa mnatuambia tusubiri. Ninyi mlikuwa mnasubiri nini?"

Hatukuwa na jibu. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunasubiri Oktoba kwa sababu miaka iliyopita Oktoba ilikuwa nzuri. Hatukuwa tumejiuliza ni mara ngapi mpaka umefungwa. Kama tungejiuliza, historia ilikuwa wazi mbele yetu. Usafirishaji wa mahindi ulizuiwa mwaka 2008, bei za chakula zilipopanda dunia nzima. Ulizuiwa tena mwaka 2011. Wazee wetu wanakumbuka zaidi ya hapo: Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya ulifungwa hadi mwaka 1983. Kilichomuumiza mkulima wetu zaidi ya ushuru wa COMESA au wa SADC ni tangazo la ghafla. Ushuru unaweza kuupigia hesabu kabla ya kupanda. Huwezi kupigia hesabu tangazo ambalo halijatolewa, ila unaweza kujua kwamba huwa linatolewa. Sisi hatukuwaambia hata hilo.

Katika taarifa yetu ya mwaka ule kwa wafadhili tuliandika kuwa "changamoto ya soko ilijitokeza." Maneno hayo ni madogo kuliko jambo lenyewe. Leo tunaomba radhi kwa kamati zote zilizotusikiliza mwaka 2017, na kwa wafadhili pia, kwa taarifa ile.

Na msidhani kwamba mambo haya yamekwisha, au kwamba hutoka upande wetu tu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikalegeza kwa masharti baada ya siku chache. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Malawi ilizuia mahindi yasiyosagwa kutoka kwetu na Kenya, ikihofia ugonjwa hatari wa mahindi. Machi 2025 Malawi hiyohiyo ilizuia uingizaji wa bidhaa kadhaa, zikiwamo mchele, unga, tangawizi na ndizi, na wenzetu wa Kyela na Rungwe wanajua kilichotokea kwenye ndizi zao. Ndizi haisubiri kikao cha mawaziri. Mwezi Aprili mwaka huo huo serikali yetu nayo ikazuia mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa haipokei ndizi zetu. Baada ya siku chache zuio hilo likaondolewa ili mazungumzo yafanyike. Nchi zote tatu zimo SADC na zote zimo katika eneo lilelile la biashara huria. Kwa hiyo asitokee mtu akatuambia kwamba tungebaki COMESA haya yasingetokea. Mkataba unafuta ushuru, lakini haumzuii waziri kuamka asubuhi na kalamu.

Upande wa pili wa shilingi nao upo. Mwaka 2024 ukame mkubwa uliipata Zambia, na serikali yake ikatangaza kuwa ni janga la taifa. Serikali yetu ilikubali kuiuzia tani 650,000 za mahindi kupitia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Mpaka uleule, jirani yuleyule. Nyanda zetu za juu ndizo ghala la nchi hizi zote, na tangu enzi za Shirika la Usagishaji la Taifa tulikuwa tunaitwa mikoa minne mikuu: Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma. Swali ni nani anapata bei ya ghala hilo. Katika mauzo ya serikali kwa serikali, kikundi kilichoweza kufikisha mahindi makavu, yaliyopimwa, kwenye kituo kama cha Makambako kilinufaika. Kikundi ambacho mahindi yake yalikuwa na unyevu kilirudishwa na gunia zake, kikalipa nauli mara mbili.

Wafadhili wetu kutoka Ulaya hawahitaji kuelezwa sana. Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya mwaka 2020, na kuanzia Januari 2021 mwenye kiwanda kidogo cha jibini aliyekuwa akituma vifurushi Ufaransa alianza kuhitaji cheti cha mganga wa mifugo. Makampuni makubwa yaliajiri makarani, na baadhi ya wadogo waliacha kuuza nje kabisa. Hapa Afrika, Mali, Burkina Faso na Niger zilitoka ECOWAS Januari 2025, na wakulima wa vitunguu wa Niger wana maswali yaleyale ya mama wetu wa Tunduma. Kila mahali nchi inapotoka katika jumuiya mkubwa hupata shida kwa muda, halafu hupata karani. Mdogo hana karani.

Na hapo ndipo tunapofikia ombi letu, kwa kamati na kwa wafadhili.

Ninyi wafadhili mmetujengea maghala mazuri. Mengine bado yanang'aa rangi. Tunaomba msitujengee ghala jingine kwa sasa. Tunaomba karani. Tunataka katika kila kundi la parokia nne au tano awepo kijana mmoja aliyesoma, anayelipwa, ambaye kazi yake ni kufuatilia vibali, kujua fomu gani inatakiwa mwezi huu na mpaka gani una tatizo gani, na kuunganisha gunia tano za mama huyu na gunia nane za yule hadi lifike lori moja lenye faili moja. Mnakumbuka hesabu ya shilingi 30,000 na shilingi 500. Karani huyo ndiye atakayeitoa ile ya kwanza kuwa ya pili. Tunajua kuwa mshahara haupendezi katika picha kama jengo linavyopendeza, wala hauandikwi jina la mfadhili ukutani. Lakini ndio unaohitajika.

Pili, tunaomba vipima unyevu. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na sumukuvu isizidi sehemu 10 katika bilioni. Mkulima wetu bado anapima kwa kung'ata punje. Wazee wetu wanaong'ata punje wanajua kazi yao, hatuwadharau, lakini afisa wa mpakani hang'ati. Isitoshe, sumukuvu si jambo la soko tu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mahindi yasiyofaa kuuzwa nje tusidhani yanafaa kwa uji wa watoto wetu.

Kwa upande wa kamati, tumebadilisha mafundisho yetu. Tangu mwaka 2018 hatusemi tena "subiri Oktoba." Tunasema mahindi yagawanywe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni chakula cha nyumbani hadi mavuno yajayo, na hilo haligusiki, hata bei ikipanda namna gani. Fungu la pili ni la madeni na ada, liuzwe mapema kwa bei iliyopo, hata kama inauma. Fungu la tatu tu ndilo la kusubiri bei, na mwenye kulisubiri ajue kwamba anacheza na tangazo. Asiye na fungu la tatu asikope ili alipate. Wapo wajumbe waliotuambia kwamba mafundisho haya yanamnyima mkulima faida kubwa katika mwaka mzuri. Ni kweli, yanamnyima. Tumechagua hivyo baada ya Mbozi.

Jambo jingine ambalo baadhi ya makatekista wametuandikia ni hili: je, ghala la parokia linaweza kuuza mahindi nje ya nchi wakati kuna waamini wenye njaa katika jumuiya ndogo ndogo za parokia hiyohiyo? Tumelijadili na mapadre, na hatukukubaliana wote. Wengine walisema ghala la Kanisa ni la maskini kwanza. Wengine wakasema mahindi yale si ya Kanisa, ni ya wakulima, na mkulima maskini ana haki ya bei nzuri kama mtu yeyote. Tena mwenye njaa wa Karonga naye ni jirani. Tulichoamua kwa sasa ni kwamba kila ghala litenge gunia moja katika kila gunia 20, lililotolewa kwa hiari na wanakikundi, kwa ajili ya wahitaji wa eneo hilo, na hesabu yake isomwe hadharani siku ya Jumapili. Yanayobaki wenyewe wayauze watakako. Kama kuna parokia yenye njia bora kuliko hiyo, tunaomba tuisikie mchana huu.

Neno la mwisho ni kuhusu lumbesa. Hatuwezi kulalamikia mpaka wakati sisi wenyewe, ndani ya masoko yetu ya Ilula na Uyole, tunakubali gunia la viazi au vitunguu lenye kilemba. Karani wetu hataruhusiwa kuandika lumbesa katika kitabu chake. Atapima kwa kilo. Mnunuzi asiyetaka kilo atafute ghala jingine. Tunajua kuwa mwaka wa kwanza baadhi yenu mtapoteza wanunuzi kwa sababu hiyo, na tumeliweka wazi katika bajeti tuliyowapa wafadhili.

Fomu za kuomba karani ziko mezani kwa Sista, pale mlangoni. Zijazwe na kamati nzima, si mwenyekiti peke yake, na zirudi ofisini kabla ya mahindi mapya hayajakauka shambani. Tutaanza na kundi la Tunduma na Mbozi, kwa kuwa ndiko swali lilikotoka na ndiko tulikokosea. Kundi la Kyela litafuata, likianza na mchele, maana ndizi bado hatujui namna ya kuzisaidia.